Mwana wa Mjane na Daraja ya Ushujaa

Malezi yana hatari mbili. Ya kwanza ni kumtupa mtoto katika mambo ya dunia kabla hajapata nguvu ya kuyachukua. Ya pili ni kumficha mambo hayo muda mrefu, hata siku atakapokutana nayo asiweze kuyatambua. Juu ya hatari hii ya pili Chrétien de Troyes, mshairi wa Ufaransa, alitunga kati ya mwaka 1180 na 1190 hivi hadithi ya mashairi yenye mistari zaidi ya 9,000, iitwayo Hadithi ya Graal. Kijana wa hadithi hiyo ni Perceval, mwana wa mjane wa Wales, aliyelelewa msituni pasipo kuambiwa kwamba duniani kuna wanaume wanaovaa chuma na kuuana kwa heshima. Aghalabu hadithi hii husomwa kama habari ya mjinga aliyeerevuka. Lakini ikipimwa kwa historia ya zama zake huonekana kuwa ina shauri zito zaidi: ya kuwa mtu aweza kufundishwa vita kwa siku moja, na adabu kwa siku ya pili, akabaki hajui bado kumwonea mwenziwe huruma.

Shujaa anayetajwa hapa si kila mtu mwenye moyo mgumu. Kwa Kifaransa huitwa chevalier, neno lililotokana na jina la farasi, na maana yake ya asili ni mpanda farasi. Katika karne ya 11 jina hilo lilikuwa la askari tu. Kufika mwisho wa karne ya 12 lilikuwa limekwisha kuwa daraja ya waungwana, yenye masharti na fahari yake. Gharama ya daraja hiyo ilikuwa kubwa. Farasi wa vita, kanzu ya deraya iliyofumwa kwa maelfu ya pete za chuma, kofia ya chuma, ngao, upanga na mkuki vilikuwa mali ambayo mkulima asingeweza kuichuma katika maisha yake yote. Mafunzo yake nayo yalikuwa marefu. Mtoto wa mwungwana aliondolewa kwao mapema, akapelekwa katika nyumba ya jamaa au ya bwana mkubwa. Huko alitumika mezani, akatunza farasi na silaha, akajifunza kupanda, kuwinda na kupigana, mpaka siku alipofungwa upanga kiunoni mbele ya mashahidi.

Mfano wa kweli ni William Marshal wa Uingereza, aliyezaliwa yapata mwaka 1147. Mwaka 1152, alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi, baba yake alimtoa rehani kwa Mfalme Stephen, aliyeizingira ngome yake ya Newbury. Kisha baba huyo akavunja ahadi. Mfalme alipotishia kumnyonga mtoto, baba alijibu kwamba yeye angali na nyundo na fuawe za kufulia wana walio bora kuliko huyo. Mfalme akashindwa na moyo wake, asimwue. Mtoto akapona, akapelekwa Normandie katika nyumba ya jamaa yake mkubwa, akatumika huko miaka mingi, na yapata mwaka 1166 akapewa daraja ya ushujaa. Katika pigano lake la kwanza alipiga sana lakini hakuteka kitu. Jioni, mezani, bwana mmoja alimwomba zawadi ya kipande kikuukuu cha matandiko ya farasi, na alipojibu kwamba hana, wote wakacheka. Kicheko hicho kilimfunza kwamba ushujaa ulikuwa heshima, na ulikuwa riziki vilevile. Marshal aliishi mpaka akaitawala Uingereza kwa niaba ya mfalme mtoto, tangu 1216 hata karibu na kufa kwake mwaka 1219.

Akiwekwa kando ya baba wa namna hii, mama yake Perceval haonekani kuwa mpumbavu. Mume wake alikuwa shujaa mwenye sifa. Akajeruhiwa miguuni, akawa kiwete, mali ikapotea, na jamaa nzima ikakimbilia msituni. Wana wawili wakubwa walipelekwa kwa wafalme kulelewa. Walipewa daraja ya ushujaa siku moja, wakashika njia ya kurudi nyumbani wawaone wazazi wao, na wote wawili wakauawa kwa silaha siku hiyohiyo. Baba akafa kwa majonzi. Mama akasalia na kitoto cha mwisho, akaazimu kwamba huyu asilijue hata jina la kazi iliyomla baba na ndugu zake. Akawakataza watumishi na wakulima wake wasilitamke.

Hofu yake ilikuwa na sababu katika dunia aliyoishi mtungaji. Mashindano ya mashujaa ya karne ile hayakuwa michezo ya uwanjani kama yalivyokuja kuwa baadaye. Yalikuwa vita vya makundi katika mashamba na vijiji. Watu walitekwa wakatozwa fidia, wengine wakakanyagwa na farasi wakafa. Kanisa liliyakataza katika baraza la Clermont mwaka 1130, likarudia katika mabaraza ya Laterano ya 1139 na 1179, likaamuru kwamba atakayefia humo asizikwe katika makaburi ya kanisa. Marufuku hayo hayakusikiwa. Mwanahistoria Georges Duby, katika makala yake ya mwaka 1964, alionyesha jinsi vijana wa tabaka hili, wakisha kupewa daraja, walivyokaa miaka mingi bila mke wala shamba, wakitangatanga kwa makundi kutafuta vita na mashindano. Wengi walifia katika safari hizo. Basi mama yule alikuwa na ushahidi wa kutosha. Kosa lake halikuwa katika kuogopa. Lilikuwa katika kudhani kwamba jambo lisilotajwa halitakuja.

Jambo lilikuja kwa miguu ya farasi. Asubuhi moja ya masika kijana alikuwa msituni na mikuki yake mitatu ya kurusha, akasikia kishindo cha chuma na mbao katika miti. Mama alikuwa amemwambia kwamba mashetani ndio wa kutisha kuliko viumbe vyote. Akawaza kuwa hao ndio wanaokuja. Lakini watu watano walipotokea penye mwanga, na deraya zao zikametameta juani, alikumbuka kwamba mama alimwambia pia habari ya uzuri wa malaika. Akawasujudia, na yule mkubwa wao akamdhani kuwa ni Mungu. Shujaa huyo alikuwa na haja ya kujua kama watu fulani wamepita njia hiyo. Kijana hakumjibu. Alishika mkuki akauliza ni kitu gani. Akashika ngao akauliza. Akavuta kanzu ya deraya akauliza kama yule bwana alizaliwa nayo mwilini. Msomaji na ashike jambo hili, maana litarudi: mwanzoni Perceval aliuliza mengi mno, na yote yalikuwa juu ya vitu. Haja ya mtu aliyesimama mbele yake hakuisikia, ijapokuwa ilitajwa mara kadhaa.

Aliporudi nyumbani na kulitaja jina lile lililokatazwa, mama alizimia. Alipozindukana alimweleza, kwa mara ya kwanza, habari ya baba na ndugu zake. Kijana hakusikiliza sana. Aliomba chakula, akasema atakwenda kwa mfalme anayewafanya watu kuwa mashujaa. Mama akaona kwamba hawezi kumzuia, akampa mawaidha kwa haraka. Awasaidie wanawake walio katika dhiki. Mwanamwali akimridhia, apokee busu, asitake zaidi. Akipewa pete, na aipokee. Asifuatane na mtu njiani pasipo kumwuliza jina, kwa kuwa kwa jina mtu hujulikana. Aongee na watu wema. Aingie kanisani akasali. Kijana akauliza kanisa ni kitu gani. Yalikuwa mawaidha mema yote, lakini yalitolewa siku moja yawe badala ya miaka kumi na mitano au zaidi. Perceval akapanda farasi. Alipokwenda hatua za kutosha aligeuka, akamwona mama yake ameanguka kwenye daraja la mto kana kwamba amekufa. Akampiga farasi fimbo, akaenda zake.

Yaliyofuata yanachekesha, na ndani ya kicheko mna maumivu. Aliona hema zuri akalidhani kanisa, akaingia. Ndani mlikuwa na mwanamwali peke yake. Kijana akakumbuka kwamba mama alitaja busu na pete. Akambusu kwa nguvu, akamvua pete kidoleni, akala chakula chake, akaondoka akiwa na radhi ya nafsi, kwa kuwa katika fikira zake alikuwa ametii. Neno moja tu la mama alikuwa amelisahau, nalo ni kuridhia kwa mwanamke. Bwana wa mwanamwali yule aliporudi hakusadiki maelezo yake. Akamtesa kwa muda mrefu kwa kosa lisilokuwa lake. Hivyo utii wa mwana ukawa adhabu ya mtu mwingine.

Katika baraza la Mfalme Arthur mambo hayakuwa bora. Aliingia juu ya farasi hata akaiangusha kofia ya mfalme. Nje palikuwa na shujaa wa deraya nyekundu aliyekuwa ametoka kumtukana mfalme na kuchukua kikombe chake cha dhahabu. Perceval alizitamani silaha zake, na Kay, msimamizi wa nyumba ya mfalme, akamwambia kwa dhihaka aende akazitwae. Kijana hakujua dhihaka, alikwenda. Alimpiga yule shujaa kwa mkuki wa kurusha, ukapita jichoni, akafa. Kwa sheria ya waungwana mkuki wa kurusha ulikuwa silaha ya wawindaji na wakulima, si ya mashujaa. Kisha hakujua jinsi ya kumvua maiti deraya, mpaka kijana mmoja wa baraza alipokuja kumsaidia. Na hata hivyo alikataa kuacha nguo alizoshonewa na mama yake, akavaa chuma juu yake. Watu wengi wangesema kwamba tangu saa ile alikuwa shujaa. Alikuwa na farasi, silaha na maiti. Mtungaji alikuwa na shaka.

Ndipo alipokutana na mwalimu wa pili, Gornemant de Goort, bwana wa makamo mwenye ngome kando ya mto. Huyo alimfundisha kushika mkuki, kujikinga kwa ngao na kumwongoza farasi, na mwanafunzi akajua yote upesi, kwa kuwa ushujaa ulikuwa katika damu yake. Gornemant alimvua nguo za mama, akamvisha nyingine. Akamfunga chuma cha kumchochea farasi kisiginoni, akamfunga upanga, akambusu. Akamwambia kwamba amempa daraja iliyo juu kuliko zote alizoziumba Mungu, isiyopasa kuwa na uovu ndani yake. Naye akatoa mawaidha: adui akishindwa na kuomba rehema, asimwue, asiwe na maneno mengi, maana mwenye maneno mengi hukosa, awasaidie wanawake walio taabuni, asali kanisani. Mwisho akamkataza asiseme tena kwamba mama ndiye aliyemfunza.

Haki yataka isemwe kwamba mafunzo haya yalizaa matunda. Katika mji wa Beaurepaire, uliozingirwa na kushikwa na njaa, Perceval alimpigania Blanchefleur, bibi wa mji, akawashinda adui zake mmoja baada ya mwingine, wala hakuwaua. Aliyemwua mtu kwa mkuki wa jichoni sasa aliwapa walioshindwa uhai wao, akawapeleka kwa Mfalme Arthur kuwa mateka. Kanuni njema ni kitu kikubwa. Huokoa maisha ya watu hata kama aishikaye hajaijua sababu yake.

Lakini kanuni ina mpaka, na mpaka huo ulionekana usiku mmoja. Perceval alikuwa njiani kurudi kumtazama mama yake, akafika kwenye mto, akakaribishwa na mtu aliyekuwa akivua samaki katika mashua. Mtu huyo alikuwa mfalme aliyejeruhiwa mapajani vitani, asiweze kupanda farasi wala kusimama. Usiku, ndani ya jumba lake, kijana aliketishwa kando ya kitanda cha mfalme, akapewa upanga wa thamani. Akaona mkuki mweupe ukipitishwa, na tone la damu likichuruzika kutoka nchani mwake. Nyuma yake vikapita vinara vya mishumaa, kisha mwanamwali mwenye graal mikononi, chombo kipana cha mezani kilichong'aa hata mishumaa ikafifia. Kila chakula kilipoletwa, graal ilipita tena kuingia chumba cha ndani. Perceval alitamani kujua ni nani anayepelekewa. Akakumbuka neno la Gornemant, akanyamaza. Aliazimu kumwuliza mmoja wa vijana wa nyumba asubuhi. Asubuhi jumba lilikuwa tupu.

Kule msituni aliuliza pasipo kusikiliza. Hapa alinyamaza pasipo kuona. Makosa haya mawili yana asili moja. Katika kila hali alitazama nafsi yake: kwanza tamaa yake, halafu sifa yake ya adabu. Karibu naye alikuwapo mtu mgonjwa aliyempa ukarimu wote wa nyumba, lakini mgeni alikuwa akipima kama inafaa kusema. Siku ileile alikutana na binamu yake akimlilia mchumba aliyeuawa. Binamu akamwuliza jina, na yeye, ambaye mama alimwita mwanangu tu, akalibuni jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza: Perceval. Akaambiwa kwamba kama angaliuliza, mfalme angalipona na nchi yake ingalistawi. Na kwamba alinyamazishwa na dhambi aliyomtendea mama yake, ambaye alikufa kwa huzuni siku ile alipomwacha. Alipata jina na msiba kwa saa moja.

Baadaye, mbele ya mashujaa wote wa Arthur, mwanamwali mwenye sura ya kutisha alikuja juu ya nyumbu akamlaani hadharani: kwa ajili ya ukimya wake wanawake watafiwa na waume zao, nchi zitaharibika, na mayatima watakosa msaada. Perceval akaapa kutolala nyumba moja siku mbili mpaka ajue siri ya graal na mkuki. Akatangatanga miaka mitano, akateka mashujaa sitini na kuwapeleka kwa mfalme, wala hakuingia kanisani hata mara moja. Kwa hesabu ya dunia ilikuwa miaka ya utukufu. Kwa hesabu ya mtungaji ilikuwa miaka iliyopotea, na ameipitia kwa mistari michache tu.

Siku ya Ijumaa Kuu alikutana na mashujaa na mabibi waliokuwa wakienda kwa miguu bila silaha, wakitubu, wakamshangaa mtu anayevaa deraya siku kama ile. Walimwelekeza kwa mtawa aliyeishi pekee msituni. Perceval alikwenda akilia. Mtawa akamjulisha kwamba yeye ni ndugu ya mama yake. Na kwamba mzee aliyepelekewa graal chumbani ni ndugu mwingine wa mama huyohuyo, aliyeishi kwa mkate mtakatifu mmoja tu uliotiwa katika chombo kile. Mfalme mvuvi ni mwana wa mzee huyo. Watu ambao hakuwauliza hali walikuwa damu yake. Kisha mtawa akampa mawaidha: aende kanisani, awaheshimu watu wema, amsaidie mjane na yatima. Hayo ndiyo karibu maneno yaleyale ya mama kwenye mlango wa nyumba. Mafunzo ya tatu hayakuleta jambo jipya. Kilichokuwa kipya ni msikilizaji, aliyekuwa amefiwa na kujua kwamba amefiwa.

Hadithi hii ilitolewa tunu kwa Philippe d'Alsace, mtawala wa Flanders, na hapo ndipo ilipogusa historia. Philippe alikuwa mfadhili mkubwa wa mashindano ya mashujaa. Habari za maisha ya William Marshal husimulia hila yake: aliwaweka watu wake kando mpaka wengine walipochoka, ndipo alipoingia na kuteka. Mtu wa namna hii alipewa kitabu ambacho ushindi wote wa silaha hauponyi mgonjwa mmoja. Chrétien hakukimaliza. Philippe naye alikwenda katika vita vya msalaba vilivyofuata kutekwa kwa Yerusalemu na Salahuddin mwaka 1187, akafa mbele ya mji wa Akka mwaka 1191. Washairi wengine walijaribu kuiendeleza hadithi, maana watu hawakuweza kuvumilia kwamba swali lile libaki halijaulizwa.

Aliyeufikia mwisho ulio mzuri kuliko yote ni Wolfram von Eschenbach wa Ujerumani, katika utenzi wake wa Parzival, wenye mistari karibu 25,000, alioutunga katika miaka ya mwanzo ya karne ya 13. Kwake yeye swali si juu ya chombo wala mkuki: kijana anarudi kwa mfalme mgonjwa, ambaye kwa Wolfram ni mjomba wake, akamwuliza ana maumivu gani, na mgonjwa akapona. Kabla ya hapo Wolfram amempambanisha na Feirefiz, nduguye wa baba mmoja, aliyezaliwa na malkia mweusi Belakane, mwenye mwili wa madoa meusi na meupe. Walipigana bila kujuana. Upanga wa Parzival ukavunjika, Feirefiz akautupa wake ili asimpige asiye na silaha. Wakaketi, wakaulizana, wakajuana. Yule shujaa mwekundu wa mwanzo naye, asema Wolfram, alikuwa jamaa, aliyeuawa kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa amesema katika hadithi ya kwanza kwamba mtu hujulikana kwa jina. Ilikuwa lazima damu imwagike kabla mwana hajamwelewa.

Kwa hiyo njia ya Perceval haianzii katika ujinga na kuishia katika ujuzi wa silaha. Ujuzi wa silaha aliupata mapema, na haukumtosha. Mama alificha dunia, na mwalimu akaifunga katika kanuni. Kila mmoja alifanya hivyo kwa mapenzi, na kila mmoja alimwacha kijana na upungufu uleule. Baba yake Marshal, aliyeuweka uhai wa mwanawe kando ya nyundo na fuawe, aliufulia ulimwengu mashujaa wengi. Chrétien na Wolfram waliona kwamba ulimwengu huo ulikuwa bado na haja ya mtu mmoja ambaye, akiwa na upanga kiunoni, angeketi kando ya kitanda cha mgonjwa na kumwuliza hali.